Kipya Kinyemi, Ingawa Kidonda

Mwenzangu wa chumbani alipoiona darubini yangu alicheka mpaka akakaa kitandani. "Hii umerithi kwa babu?" Hapana, nimeinunua Arua, katika kibanda cha vitu vilivyotumika, kwa shilingi 80,000. Imenizidi umri. Rangi imechubuka, na mkanda wake ni kamba niliyoifunga mwenyewe. Hata hivyo nasema mbele yenu, wanafunzi wenzangu na walimu wangu: mimi ndiye niliyenunua vizuri. Mnaoibiwa ni ninyi mnaokimbilia maboksi mapya.

Naongea kwa uchungu. Mimi ni mtoto wa Abuku, na nia yangu ni kuwaongoza wageni wanaokuja kutazama ndege. Uganda ina aina zaidi ya 1,000 za ndege, na kwetu Nile Magharibi yuko keremkerem mwenye koo jekundu ambaye wageni humfuata kutoka mbali. Lakini kiongozi asiye na darubini ni kama mvuvi asiye na wavu. Mwaka jana mama aliuza magunia mawili ya mihogo, nami nikanunua darubini mpya iliyoandikwa "60x60". Baada ya wiki tatu gurudumu lake lilianza kuteleza, na kila mti ukawa miti miwili. Mgeni wangu wa kwanza aliitazama, akanirudishia bila neno. Hakuniita tena.

Laiti ningejua hesabu ndogo ya darasa la saba! Namba ya kwanza ni mara ngapi kitu kinakuzwa. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, utapata upana wa duara la mwanga linaloingia jichoni. 60 kwa 60 ni milimita 1: giza tupu jioni, na mkono wa binadamu hauwezi kutuliza ukuzaji wa mara 60. Kwa hiyo ama boksi linadanganya, ama kifaa hakifai. Hakuna jibu la tatu. Darubini yangu kuukuu ni 8x30, yaani karibu milimita 4. Namba zake ni ndogo, lakini ni za kweli.

Mtasema, kuukuu nako kuna hatari. Naam, na ndiyo maana sikununua kwa macho yaliyofumba. Niliitikisa karibu na sikio, haikulia. Nilimulika tochi ya simu kupitia kioo kikubwa nikatafuta kuvu, ule unaotambaa ndani kama utando wa buibui, sikuuona. Nilitazama mnara wa simu kwa dakika nzima. Nikaona mnara mmoja, na kichwa hakikuniuma. Nilizungusha gurudumu mwanzo hadi mwisho. Likaenda taratibu bila kukwama. Muuzaji akinizuia kufanya hayo, naondoka. Boksi jipya lililofungwa kwa nailoni, nani anakuruhusu ulipime hivyo?

Rafiki mwingine aliniuliza kwa nini sikutafuta darubini ya bunduki iliyotumika, maana nayo huvuta mbali. Kwanza, hiyo ni ya jicho moja, huonyesha eneo jembamba, na jicho lazima likae mbali nayo kiasi cha upana wa kiganja. Ndege akiruka umempoteza. Pili, Koboko ni mpakani, Sudani Kusini huku, Kongo kule. Wazee wetu wameona bunduki za kutosha. Ukikutwa porini na kifaa cha bunduki, nani ataamini kwamba unamtafuta keremkerem?

Najua hoja nzito kuliko zote: kwamba Afrika isiwe jalala. Agosti 2023 Rais Museveni alitangaza akiwa Mbale kwamba nguo za mitumba zisiingie tena, akasema ni za wazungu waliokufa. Tangu 2018 sheria inakataza kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15. Mimi pia sitaki jalala. Lakini jalala halipimwi kwa umri. Injini huchakaa kwa kuzunguka. Kioo kilichosuguliwa vizuri, kikikaa pakavu, hakijui miaka. Ile darubini yangu mpya ilikuwa taka siku ilipotoka kiwandani, na hakuna aliyeizuia mpakani kwa sababu ilikuwa inang'aa. Tukitaka kufunga mlango, tuufungie ubovu, mpya kwa mkuukuu.

Sikatai kwamba yangu ina kasoro. Haivumilii mvua, haina hati ya dhamana, na anayevaa miwani hataona picha yote. Niliyajua hayo kabla ya kulipa. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kununua na kuibiwa.

Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Hawakuwa wakisifu, walikuwa wakitucheka. Likizo ijayo nitakuwa porini alfajiri, na kamba yangu shingoni. Anayetaka kucheka aje. Nitampa darubini atazame kwanza, kisha acheke.