HEMA ZA KAMBI YA PASAKA: TUSINUNUE RANGI



Komite ya wazazi imekwisha kukusanya feza za kununua hema mpya kwa kambi ya jamaa. Tumesikia kwamba karatasi ya bei imeletwa toka mjini: hema sita, za namna moja na zile za mwaka jana, zote rangi ya machungwa na buluu, kila moja imeandikwa kwamba ni ya watu wane. Sisi wa mwaka wa sita tunasema hapana. Tununue mbili, lakini ziwe hema zinazoweza kulala mvua. Kapita wa wanafunzi anapewa nafasi hii kila mwezi ili aseme yale tunayowaza, basi leo tunaitumia kwa jambo hili moja tu.

Waliokuwa nasi Kapolowe Pasaka iliyopita hawana lazima ya kuelezwa. Lakini wengi hawakuwako, na wengine wamekwisha kusahau, sababu jua likiwaka mtu anasahau mvua. Usiku wa kwanza ulikuwa mukavu, tukaimba mpaka saa tano. Usiku wa pili, kama saa nane, upepo ulitoka upande wa ziwa Tshangalele, na nyuma ya upepo mvua. Hema ya kwanza ilianguka hata mvua haijafika vizuri: fimbo yake ilivunjika katikati, ncha ikatoboa kitambaa kama mwiba. Ya pili ilisimama, lakini maji yaliingia katika mishono, kwanza tone kwa tone, halafu kama kamba. Ya tatu tuliitumainia. Haikupasuka, haikuanguka. Lakini maji yalipita chini, na watu waliamka magodoro yanaelea.

Ndani ya ile ya tatu mlikuwa jamaa ya mwalimu mmoja na mtoto wa miezi saba. Tuliwabeba mpaka ndani ya kamyo ya masomo, wakakaa mle mpaka asubuhi. Mtoto alikohoa majuma mawili. Mama yake alituuliza swali moja tu wakati wa chai: «Nani alichagua hizi hema?» Watu wote waliangalia chini.

Tunamjibu leo. Zilichaguliwa na macho. Tulikuwako ku magazini siku ile, tulikwenda kusaidia kubeba, na tuliona vile mambo yalivyokwenda. Muuzaji alikunjua moja juu ya simenti, ndani ya nyumba, bila upepo, bila maji, na watu wote wakasema: «Iko muzuri kabisa!» Ilikuwa nzuri kweli. Hakuna hata mmoja aliyeipindua kuangalia mishono, sisi pamoja nao.

Kwanza tufikiri juu ya majira. Pasaka inaangukia kati ya tarehe 22 Machi na tarehe 25 Aprili kila mwaka. Huku kwetu Katanga mvua inaanza mwezi wa kumi na moja na kuisha mwezi wa ine. Maana yake kambi yetu haikosi kuwa ndani ya mvua za mwisho, nazo ndizo zinakuja kwa upepo na radi. Kama tungekuwa na desturi ya kwenda kambi mwezi wa saba, hema nyepesi ingefaa, tungepambana na baridi tu. Lakini sisi tunakwenda wakati wa mvua, halafu tunanunua hema ya jua.

Sasa, hema inayoweza kulala mvua ni ya namna gani? Tuliuliza fundi mmoja anayeshona bashi za makamyo, tukasoma na karatasi zinazokuja ndani ya mifuko ya hema zenyewe. Kitambaa kina namba yake. Wanachukua kipande, wanasimamisha maji juu yake ndani ya bomba, wanaongeza maji mpaka matone yaanze kupita, halafu wanapima urefu wa yale maji kwa milimeta. Paa ikiandikwa 1,500 ni mwanzo tu wa kuitwa haipitishi maji. Ikiandikwa 3,000 unaweza kulala. Sakafu inataka namba kubwa kuliko paa, sababu mvua inagusa paa tu, lakini goti la mtu anayeomba au anayetandika kitanda linakandamiza sakafu juu ya udongo uliolowa, na maji yanapanda. Zile za mwaka jana tuliangalia juzi ndani ya depo: paa 800. Ya sakafu haikuandikwa hata kidogo.

Lakini namba si yote, na hapa ndipo wengi wanadanganyika. Unaweza kuwa na kitambaa kinachozuia maji yote, halafu sindano ya cherehani ikakitoboa matundu elfu. Kila mshono ni mstari wa matundu. Hema nzuri, ukiipindua ndani, unaona utepe mwembamba uliobandikwa kwa moto juu ya kila mshono kutoka mwanzo hata mwisho. Pitisha kidole. Kama utepe hauko, au unaishia njiani, muache muuzaji na maneno yake. Sakafu nayo isiwe imeshonwa ukutani pale chini kabisa. Lazima ipande kama beseni, upana wa kiganja au zaidi, ndipo ikutane na ukuta. Ile ya tatu yetu ilishonwa palepale chini. Ndiyo sababu magodoro yaliogelea.

Tena kuna maji ambayo hayatoki mbinguni. Watu watano wakilala ndani ya nyumba ndogo ya plastiki, pumzi yao inapanda, inagusa paa yenye baridi, inageuka matone, inawarudia usoni. Asubuhi wanasema hema imevuja, kumbe ni pumzi yao wenyewe. Dawa yake ni paa mbili: ya ndani nyepesi inayopumua, ya nje inayozuia mvua, na kati yao nafasi ya upepo, bila kugusana. Anayeona kwamba paa mbili ni anasa, afungue Kutoka sura ya 26 ahesabu vifuniko vya hema ya kukutania: kitani, juu yake singa za mbuzi, juu yake ngozi za kondoo, na juu yake ngozi nyingine tena. Na kule jangwani mvua ilikuwa haba.

Juu ya fimbo hatuna maneno mengi. Zile za nyuzi za kioo ni za bei ndogo, lakini zikishindwa zinapasuka na kuchana kitambaa. Aluminiumu inapinda, na kilichopinda mtu anaweza kukinyosha. Chuma ni kizito, lakini sisi hatuendi na miguu. Tuko na kamyo.

Mzee wetu mlinzi wa depo anasema tuache hizi nailoni zote tununue hema ya pamba nzito, kama ile ya zamani anayoikumbuka. Tulimcheka, lakini akatueleza, na sasa hatucheki. Pamba ikilowa nyuzi zake zinavimba, zinaziba matundu zenyewe. Ndiyo maana hema mpya ya pamba inamwagiwa maji mara ya kwanza na kukaushwa, mbele ya kwenda nayo safari. Inapumua kuliko plastiki, inavumilia jua miaka mingi, ikipasuka fundi yeyote anaweka kiraka. Ubaya wake ni uzito, na ukiikunja ikiwa na maji inaoza kwa ukungu. Katika zile nyepesi, poliesta inafaa kuliko nailoni, sababu nailoni ikilowa inalegea na jua linaila upesi. Sisi tungechagua pamba, kama itapatikana kwa bei tunayoweza. Kama haipatikani, poliesta ya paa mbili.

Na hapa tuseme wazi, sababu si haki kulaumu komite peke yake. Siku ile ya kurudi toka Kapolowe, kazi ya kukunja hema ilikuwa yetu sisi wakapita. Tulikuwa wachovu, kamyo ilikuwa inapiga honi, tukazisukuma ndani ya mifuko na maji yake na matope yake. Tulisema tutazianika kesho. Kesho ile ilikuwa juzi! Tulipofungua mifuko, harufu ilitutoa nje. Ile rangi inayopakwa ndani ya kitambaa ili kuzuia maji ilikuwa imegeuka kama gundi, inabandika vidole, inatoka vipande vipande. Hata moja haiwezi kutumika tena. Kwa hiyo hata komite ikinunua hema ya mfalme, tukiitunza hivyo tutarudi palepale. Tumekwisha kumwomba bwana Prefe atupe kamba ndefu nyuma ya interna kwa kuanika, na majina ya wenye zamu yatabandikwa ku mlango wa depo. La kwetu ni la kwanza.

Neno lile «watu wane» lisitudanganye. Muuzaji anahesabu miili mine imelala kama samaki ndani ya kopo, bila sanduku, bila sufuria, bila mtoto anayegeuka usiku. Jamaa ya watu wane inataka hema ya sita. Kwa kulinganisha, hema ambayo UNHCR inawapa jamaa waliokimbia, na katika inchi yetu wengi wanazijua bila kupenda, imepimwa kwa watu watano: nafasi ya kulala ni meta 16 za mraba, na vibaraza viwili mbele na nyuma. Tena iko na paa mbili, na sakafu iliyoshikana na kuta. Watu hao hawachagui rangi. Wale wanaowachagulia wanajua kwamba usiku mmoja wa maji si kitu cha kucheka, na wao hawana kamyo ya kukimbilia.

Tunajua jibu la komite. Jamaa ni sita, hema mbili zitatosha nani? Baba mmoja alituambia mbele ya kanisa: «Batoto, kambi ni siku ine kwa mwaka, munataka tujenge nyumba ya kitambaa?» Ni swali la haki, feza hizi zilitoka katika mifuko isiyo na mengi. Lakini tulihesabu. Zile tatu za rangi zilitumika siku ine, basi. Sasa tunanunua sita. Mwaka kesho tutanunua ngapi? Tuliuliza bei katika magazini mbili: feza ya hema sita za namna ile inapata mbili kubwa za watu wanane zenye paa mbili, na chenji ya bashi tatu.

Katika hizo mbili walale akina mama na watoto wadogo, na wagonjwa kama wako. Akina baba, na sisi wa mwaka wa tano na wa sita, tutalala chini ya bashi. Tumekwisha kuulizana ndani ya interna, na waliokataa ni wawili tu, nao wamekubali jana jioni. Bashi ya meta 4 kwa 5, ile iliyofumwa kwa nyuzi za plastiki, ikivutwa juu ya kamba kati ya miti miwili, pande zote mbili zikishuka kwa kasi ili maji yasikae juu, inalaza vijana sita. Upepo utatupiga, ndiyo. Lakini bashi haituahidi kitu isichokuwa nacho.

Jambo moja zaidi hatutaki lipite. Usiku ule wa mvua, baada ya kukauka kidogo, mtu mmoja aliingiza mbabula yenye makala ya moto ndani ya hema ili kupasha watoto joto, akafunga fermetire. Alifanya kwa upendo. Mwalimu wa kemia aliitoa mwenyewe kwa mikono. Makala yanayowaka katika nafasi iliyofungwa yanatoa hewa isiyo na harufu wala rangi, inayochukua nafasi ya oksijeni ndani ya damu, na mtu anasinzia bila kuamka. Kadiri hema inavyozuia upepo na maji vizuri, ndivyo hatari hii inavyozidi. Kwa hiyo hema tunazoziomba zije na sheria yake: mbabula inabaki nje, hata baridi iwe namna gani. Watoto wapewe mablanketi.

Komite inakutana Siku ya Sita baada ya masomo. Tunaomba ruhusa wajumbe wetu wawili waingie, hata kama ni kusimama ku mlango. Na tunaomba kwamba muuzaji, kabla ya kulipwa faranga hata moja, aisimamishe hema moja hapa uwanjani, mtu mmoja aingie ndani akae na karatasi kavu mikononi, halafu tuimwagie maji kwa robo saa, juu ya paa na juu ya mishono na pembeni mwa sakafu. Akikataa, tutajua. Ndoo tunaleta sisi, kisima kiko karibu.