Ujumbe wa simu nao ni ushahidi

Mhariri,

Msimu uliopita jirani yangu alinunua mbegu za mahindi, hazikuota. Alipotaka kudai fidia, mfuko ulikuwa umeshachomwa jikoni, na risiti hakuwahi kupewa. Alibaki na ujumbe wa malipo kwenye simu. Muuzaji akamwambia huo si ushahidi. Si kweli! Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 hakiruhusu ushahidi ukataliwe eti kwa kuwa tu ni wa kielektroniki. Mahakama hupima ulivyotunzwa na kama unaaminika. Basi wakulima wenzangu, msifute ujumbe, na mbakize mbegu kidogo mfukoni zipimwe. Naiomba Tume ya Ushindani ije minadani Mbulu na Katesh ituelimishe kabla ya mvua.

Mkulima,
Dongobesh, Mbulu