Makka "Mukarrama", Madina "Munawwara": je, inafaa kusema hivyo?

Msimu wa Hija ukikaribia, simu ya studio yetu hupokea ujumbe wa aina mbili. Mmoja anatulaumu kwa kusema "Makka" tupu kwenye taarifa ya habari, bila "Mukarrama". Mwingine amemsikia mgeni wa kipindi akitaja "Madina Munawwara", anatuandikia kwamba hiyo ni bidaa tuache kuieneza. Mwaka huu wawili kati yao, kumbe ni wa kijiji kimoja, wamefika hadi kutosalimiana msikitini. Ndiyo maana tunaandika.

Mukarrama maana yake ni iliyopewa heshima. Munawwara ni iliyotiwa nuru. Qur'ani inaitaja Makka kwa jina hilo katika sura ya 48, aya ya 24, na kwingine inaiita Bakka, Ummul Qura na Mji wenye Amani. Madina nayo imetajwa. Lakini sifa hizo mbili hazikuambatanishwa na miji hiyo humo, na hapo ndipo wanaozipinga wanaposimama.

Anayenukuliwa sana ni Sheikh Muhammad bin Salih al-Uthaymin wa Saudi Arabia, aliyefariki mwaka 2001. Aliona bora kusema Al-Madina An-Nabawiyya, yaani Mji wa Mtume, kama walivyosema waliotangulia. Kwa hoja yake, nuru iliingia katika kila mji ulioingiwa na Uislamu, si Madina peke yake. Tuangalie vizuri: hapo anazungumzia kilicho bora. Kutoka hapo hadi kumwambia jirani yako amezua jambo katika dini ni safari ndefu. Hata serikali ya nchi yake inaandika Al-Madina Al-Munawwara katika jina rasmi la mkoa huo.

Wanaoruhusu nao wana msingi. Anas bin Malik, katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, anaeleza kwamba siku Mtume alipoingia Madina kila kitu kiling'ara. Na sura ya 5, aya ya 21, inataja ardhi "iliyotakaswa", kwa hiyo kuipa nchi sifa si jambo geni. Jina ambalo Mtume hakulipenda ni lile la zamani, Yathrib. Hadithi yake imo katika Bukhari na Muslim.

Kwa maoni yetu, neno linalohitaji uangalifu zaidi ni "Haram", na hilo halibishaniwi hata kidogo vijijini kwetu. Sisi tunalijua kama haramu, kitu kilichokatazwa. Asili ni moja: Haram ni eneo ambalo ndani yake mambo fulani yamekatazwa. Makka, kwa mfano, huwindi wala hukati mti uliojiotea. Wengi huiita Al-Aqsa ya Quds "Haram ya tatu", lakini Ibn Taymiyya alieleza kwamba haina hukumu hiyo, ingawa fadhila ya kusafiri kwenda kuswali huko ipo. Hapa basi sifa inabeba sheria, si heshima tu.

Inabeba siasa pia. Uwanja huo Waislamu wanauita Al-Haram Al-Sharif, Wayahudi wanauita Mlima wa Hekalu. Oktoba 2016 azimio la UNESCO lilitumia majina ya Kiislamu pekee, na Israel ikasitisha ushirikiano wake na shirika hilo.

Kiswahili nacho kina mpaka wake: Qur'ani ni Tukufu, Biblia ni Takatifu, na msomaji wa habari akizibadilisha hupigiwa simu kabla hajatoka studio.

Kwa hiyo katika taarifa ya habari tutaendelea kusema Makka, Madina na msikiti wa Al-Aqsa. Katika kipindi cha dini, mgeni atasema kama alivyozoea, awe wa Munawwara au wa Nabawiyya, na hatutamkatiza.