Ukulima: Kunde Ipi Ifaayo Chaani?

Chaani, upande wa Changamwe, nyumba zimesongamana, na mwenye kipande cha shamba hawezi kukipoteza msimu mzima kwa mbegu isiyomfaa. Kunde za kienyeji zitambaazo husifiwa kwa mboga, maana majani yake huchumwa siku nyingi. Lakini wataalamu wa Katumani, Machakos, wametoa mbegu ziitwazo K80 na M66, zifaazo kwa majani na kwa punje pia. K80 hukomaa kwa siku 75 hadi 85 hivi. M66 hukawia kidogo.

Hata hivyo, Machakos ni bara kavu, na hewa ya pwani ni nyingine. Basi mkulima mwenye busara na apime mwenyewe. Masika yaanzapo, apande matuta matatu yaliyo sawa, kila mbegu na tuta lake, zote siku moja: sentimita 60 baina ya mistari, na 20 baina ya mashina. Kila tuta aligawe nusu mbili. Nusu moja achume majani, nusu ya pili asiiguse. Kunde ichumwayo mno huzaa punje chache, na asiyejua jambo hilo huilaumu mbegu bure.

Aandike siku ya maua na siku ya mavuno, atazame vidukari wamependelea ipi, kisha apime mboga na punje kwa mizani. Vuli ikifika, arudie, kwani mvua ya msimu mmoja huweza kudanganya. Atakaye kitoweo cha kila siku na atakaye magunia huenda wasichague mbegu moja.