Mshauri wa Siasa Katika Kikao cha Wataalamu

Waziri hawezi kujua kila jambo. Mezani pake hufika makaratasi ya dawa, ya kodi na ya mitihani, na mengi hutaka jibu kabla ya jua kuchwa. Ndiyo maana huko Uingereza, tangu Waziri Mkuu Harold Wilson alipouratibu mpango huo mwaka 1974, mawaziri huwa na washauri maalumu: watu wa siasa, wenye kulipwa na serikali, ambao ajira yao hukoma waziri aondokapo. Sheria ya mwaka 2010 imewasamehe sharti la kutopendelea upande, liwafungalo watumishi wengine wa umma. Mimi sioni kosa hapo. Ni afadhali mwanasiasa awe na msiri ajulikanaye kwa cheo chake kuliko kumgeuza mtaalamu wa wizara kuwa mpiga debe.

Shida huanza msiri huyo abadilipo kiti. Mnamo Aprili 2020, UVIKO-19 ukiua mamia ya watu kila siku nchini humo, gazeti la The Guardian lilifichua kwamba Dominic Cummings, mshauri mkuu wa Waziri Mkuu Boris Johnson, alihudhuria vikao vya SAGE, kundi la wanasayansi waishaurio serikali wakati wa dharura. Kimojawapo kilifanyika Machi 23, siku ambayo jioni yake wananchi waliamriwa kubaki majumbani. Serikali ilijibu kwamba hakuwa mjumbe. Alisikiliza tu, na mara nyingine kuuliza maswali.

Lakini swali la mkubwa lina uzito wake. Mtaalamu aulizwaye na mtu wa karibu wa Waziri Mkuu huupima ulimi wake. Huenda hakuna aliyebadili hata tarakimu moja. Mwananchi angejuaje, maadamu majina ya wajumbe hayakutangazwa hadi Mei 4? Sir David King, Mshauri Mkuu wa Sayansi wa zamani, alilipinga jambo hilo, akaunda kundi jingine lililofanya mkutano wake hadharani.

Watetezi husema kwamba mshauri asiyeelewa jinsi kadirio lilivyopatikana atalifikisha kwa waziri likiwa limekatwa kichwa na mkia. Ni kweli, na wanasayansi nasi hatusifiki kwa kusema kwa ufupi. Basi na aelezwe kwa kirefu, baada ya wataalamu kwisha kutia sahihi waraka wao, pamoja na mashaka yao yote. Hapo na amwonye waziri kwamba ushauri huo ni ghali, au utawaudhi wapiga kura. Waziri akiukataa, aukatae kwa jina lake mwenyewe, waraka ukiwa umekwisha kuchapishwa.