Kitabu cha Ndege Kipimwe Sitalike

Nimechoka kusikia kitabu kikisifiwa kwa karatasi yake.

Juzi tulikaa vijana watano tunaoandika, hapa Mpanda mjini, kikatolewa kitabu cha kutambulia ndege. Kiliachwa na mgeni mmoja aliyekuwa amekuja kutembea mbugani. Kikazunguka mkono kwa mkono. Wa kwanza akapapasa jalada, akasema, "Hiki ndo kitabu bwana!" Wa pili akasema picha zinang'aa mpaka mtu unatamani kuzila. Wa tatu, ambaye akifungua mdomo sote hunyamaza kwa kuwa ndiye msomi wetu, akakata shauri: kimechapishwa Uingereza, kwa hiyo ubora wake hauna mjadala.

Nikauliza, nani kati yenu ameshakwenda nacho porini? Kimya. Nani amewahi kumwona ndege, akafungua kitabu, akampata? Kimya tena. Wakaanza kunicheka, eti nataka makuu.

Basi ngoja niyaseme hapa, penye wasomaji wengi zaidi ya watano. Kitabu cha kutambulia ndege si pambo la sebuleni. Ni chombo cha kazi kama panga. Panga hulisifu kwa mpini wake uliopakwa rangi. Unakwenda nalo shamba, na likishindwa kukata umeuziwa bati. Kitabu cha ndege nacho kina shamba lake. Kwa sisi wa huku, shamba hilo ni daraja la Mto Katuma pale Sitalike, kwenye mlango wa Hifadhi ya Katavi. Viboko wamelala chini kama magunia, ndege wanapita juu, na wewe umesimama na kitabu mkononi. Je, kinakusaidia au hakikusaidii? Mengine yote ni porojo.

Naijua vizuri hasara ya chombo kisichokata. Mwaka fulani niliomba kazi ya kuongoza wageni, mahali ambapo sitapataja. Nilionyeshwa picha za ndege, nitaje majina. Ya kwanza nikasema furukombe. Ya pili, mumbi. Ya tatu, dudumizi. Bwana aliyekuwa akinihoji akaweka kalamu chini: "Hayo si majibu." Alitaka majina ya kitabuni, na kitabuni majina hayo yangu hayamo. Nikarudi nyumbani kwa miguu. Tangu siku hiyo nikisikia kitabu kimesifiwa, huuliza kwanza: kimempimia nani?

Sasa tuje kwenye kitabu chenyewe. Kilichokuwa kikizunguka ni Birds of East Africa cha Terry Stevenson na John Fanshawe, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 2002 na kutolewa upya mwaka 2020. Wachoraji ni Brian Small, John Gale na Norman Arlott. Kinashughulikia Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, na hata katika toleo la kwanza aina za ndege zilikuwa zaidi ya 1,300. Nimekaa nacho misimu miwili, kimelowa mvua, kimepakwa asali, na mgongo wake nimeushona kwa uzi wa kushonea viatu. Nadhani nina haki ya kukihukumu.

Kipimo cha kwanza: je, kwetu kumo? Usicheke. Kwa miaka mingi mtu wa magharibi ya Tanzania alikuwa yatima wa vitabu vya ndege. Kile cha John Williams cha mwaka 1963 kilifundisha watu wengi, lakini kilichagua ndege wa kuchora na wengine wengi kikawaacha. Kile kikubwa cha Zimmerman na wenzake cha mwaka 1996 ni kazi ya kutisha kwa uzuri, lakini jina lake lenyewe linakufukuza mlangoni: ni cha Kenya na kaskazini ya Tanzania. Mtu wa Arusha alishiba, sisi wa Mpanda, Inyonga na Karema tulikula kwa macho. Kile cha Van Perlo cha mwaka 1995 kilituingiza, ila picha zake ndogo na maelezo yake mafupi kama telegramu. Stevenson na Fanshawe walitutandikia mkeka nasi tukakaa. Kila ndege ana ramani yake ndogo, na kona yetu ya Katavi na Rukwa imepakwa rangi pale inapostahili. Hapo nawavulia kofia.

Kipimo cha pili: picha na maneno vimekaa pamoja? Hili anayesoma kitandani halimsumbui. Lakini ndege hakusubiri. Ukiwa na darubini mkono mmoja na kitabu mkono wa pili, huna mkono wa tatu wa kufunua kurasa mia mbele utafute maelezo. Katika kitabu hiki picha iko upande mmoja, maelezo na ramani upande wa pili, macho yanaruka mara moja tu. Hiyo ndiyo akili ya mtu aliyewahi kusimama juani.

Kipimo cha tatu, na hapa ndipo wengi huanguka: je, jike na mtoto wamechorwa? Kila mchoraji anapenda kuchora dume aliyevaa nguo za harusi. Lakini nenda kwenye mashamba ya mpunga wakati si wa kuzaa. Mnana dume, yule aliyekuwa wa manjano na barakoa nyeusi usoni, amevua vyote, yeye na mkewe huwatofautishi. Kweleakwelea naye hivyo hivyo: nje ya msimu wa kuzaa dume naye hupoteza ule uso mweusi, akafanana na vijindege vingine vya kahawia vinavyokula nyasi kando kando. Mkulima wa Mwamapuli akiona kundi, anataka kujua kama hao ndio wezi wenyewe au ni majirani wasio na hatia. Kitabu kinachomwonyesha dume peke yake kinamdanganya.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kitabu chenye picha za kamera ndicho bora. Kamera inampata ndege mmoja, siku moja, kwenye jua moja. Mchoraji hodari anawapanga ndege wanaofanana mstari mmoja, wamegeuka upande mmoja, ukaona tofauti yao iko wapi. Wachoraji wa kitabu hiki wameifanya kazi hiyo, wakaweka majike na wachanga pale wanapotofautiana na madume.

Nitawapa ushahidi. Nilikwenda Inyonga kwa mjomba wangu, mrina asali wa siku nyingi. Tukiwa kwenye miombo akaja yule ndege anayeongoza watu kwenye nyuki, ambaye kamusini anaitwa mlembe. Analia, anaruka mti wa mbele, anakungoja, analia tena. Nikafungua kitabu upesi upesi. Dume ana koo jeusi, shavu jeupe, mdomo wa waridi. Huyu wetu alikuwa na koo na kifua cha manjano. Nikasema, "Mjomba, huyu siye." Mjomba akacheka mpaka akaegemea mti. "Huyu ndiye. Huyu bado mtoto. Na watoto nao wanaongoza." Nikatazama tena: kweli, kinda wa mlembe ana manjano kifuani. Kosa lilikuwa langu, mwenye haraka ya kutafuta nguo za harusi. Siku ile tulikula asali, na mlembe tukamwachia masega, maana yeye anachotaka hasa ni nta na wale funza wa nyuki.

Kipimo cha nne: sauti. Porini ndege kumi unawasikia, mmoja unamwona. Katika nyasi za mbuga ya Katavi kuna vile vijindege vya kahawia ambavyo hata wataalamu huvitofautisha kwa sauti kuliko kwa manyoya. Kitabu kinajitahidi kuiandika sauti kwa herufi. Lakini herufi zenyewe ni za sikio la Kiingereza! Nikizisoma kwa sauti, mjomba ananiuliza kama naumwa meno. Sikio la mtu husikia kwa lugha yake. Sisi dudumizi tumemwita hivyo kwa sababu ndivyo anavyodunda mvua ikikaribia. Keremkerem, tandawala, hondohondo: jina na sauti vimeshikana mikono. Mtu akikutajia jina hilo, tayari amekufundisha nusu ya kumtambua ndege. Mlango huo wa sauti, kwa msomaji wetu, kitabu kimeufunga. Alama zake hapa ni ndogo.

Na hiki ndicho kipimo cha tano, kile kilichonirudisha nyumbani kwa miguu: jina. Ndani ya kitabu ndege wana jina la Kiingereza na jina la Kilatini. Huko kwenye miombo ya magharibi kuna ndege mdogo anayekamata nzi, amepewa jina la Richard Böhm, Mjerumani aliyezaliwa Berlin mwaka 1854 akafia Katanga mwaka 1884. Kuna mnana wa pande zetu hizi za kusini magharibi, Ploceus reichardi, anayebeba jina la Paul Reichard, mwenzake Böhm katika safari ile. Sina ugomvi na marehemu. Walitembea kwa miguu, waliugua, waliandika walichokiona. Ninachouliza ni hiki: waliokuwa wakiwabebea mizigo na kuwaonyesha njia, hawakuwa na jina la ndege yule? Walikuwa nalo. Limekwenda wapi?

Sikilizeni jambo la ajabu. Mwaka 2023 watafiti walichapisha matokeo ya kumjaribu mlembe katika sehemu mbili. Kwenye milima ya Kidero, upande wa Ziwa Eyasi hapa Tanzania, Wahadzabe humwita kwa kupiga mluzi. Niassa, Msumbiji, Wayao humwita kwa sauti ya kutetemesha ulimi inayoishia na mguno. Wakachezwa sauti zote mbili huku na huku. Mlembe wa Kidero aliitika mluzi wa Wahadzabe zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Wayao, na yule wa Niassa akaitika zaidi mwito wa Wayao. Ndege mwenyewe amejifunza lugha ya wenyeji wake! Ndege anaijua, kitabu chake hakiijui. Mnataka nisifu karatasi?

Hapo msomi wetu atainuka na kunishangilia: "Naam, tuvitupe vitabu vya kigeni!" Aka! Kaa chini, kaka, maana fimbo inayofuata ni yako na yangu.

Stevenson na Fanshawe walifanya sehemu yao, tena vizuri. Waliandika kwa lugha yao, kwa wasomaji wao, na bado wakamkumbuka ndege wa Katavi. Sisi tumefanya nini? Fungua kamusi zetu: mara ngapi utatafuta jina la ndege uambiwe tu kwamba ni aina ya ndege? Aina gani? Mkubwa kama kuku au mdogo kama kidole? Fungua hadithi zetu, hizi hizi tunazojigamba nazo. "Ndege waliimba mitini." Ndege gani? Mti gani? Mhusika wetu anapita miombo nzima, kutoka Mishamo hadi Kibaoni, hakutani na kiumbe mwenye jina. Shairi likitaka ndege linaazima njiwa. Halafu tunamlaumu Mwingereza kwamba hakutuandikia furukombe!

Na walio na majina wanaondoka. Mjomba ana majina ya Kikonongo ya ndege ambao kwa Kiswahili sina neno lao. Wapimbwe wanayo ya kwao, Wabende ya kwao. Wasukuma wamekuja na ng'ombe na majina yao. Watu wa Katumba, ambao wazee wao walikimbia Burundi mwaka 1972, nao wanayo. Mkoa mmoja, hazina tano au sita, na hakuna daftari hata moja mezani petu. Msidhani majina haya ni mapambo ya wazee. Mwenye jina anajua ndege yule hula nini, anakuja mwezi gani, akilia kuna nini. Jina likipotea, maarifa yote yaliyofungwa ndani yake yanapotea nalo, na kijana anayekwenda kuomba kazi ya kuongoza wageni anabaki kukariri Kiingereza cha ndege aliyekua naye.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kama chombo cha macho, kitabu kile ni kizuri kuliko vyote nilivyoshika, na anayekipinga aende nacho Sitalike kabla ya kunijibu. Kama chombo cha mtu wa Katavi, kimefika nusu ya njia. Nusu iliyobaki si deni la mchapishaji wa London. Ni letu, sisi tunaojiita waandishi.

Tena deni hilo halitaki mfadhili wala semina. Linataka daftari la shule na mzee mmoja. Andika jina kwa lugha ya nyumbani. Andika mahali, mwezi, rangi ya dume, rangi ya jike, anakula nini, analiaje kwa sikio lako. Nenda kwenye kitabu cha wenzetu, mtafute kwa picha, uandike namba ya ukurasa. Mkibishana wawili kuhusu jina, andikeni yote mawili, msipigane.

Mimi nimeshaanza. Daftari langu lina majina 41, na matatu kati yake nina hakika nimekosea ndege. Jumapili narudi Inyonga, mjomba anisahihishe. Wewe wa Karema, wewe wa Usevya, wewe wa Mishamo, lako lina mangapi?