Fundi ni mikono tu? Acheni kutudanganya

Mgeni rasmi mmoja, kwenye mahafali ya chuo cha ufundi hapa katikati ya jiji la Dar es Salaam, alisimama mbele ya vijana waliovaa majoho ya kukodi akawaambia kwamba nchi hii inachelewa kwa sababu ya maneno mengi. Fundi, alisema, anahitaji mikono. Haya mambo ya Stadi za Mawasiliano, Stadi za Maendeleo, sijui Ujasiriamali, yanampotezea muda. Yafutwe, kijana ashike bisibisi. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Wazazi wakapiga makofi. Hata wahitimu wenyewe, waliolipia masomo hayo kwa miaka mitatu, wakayakeshea, na wengine wakayafanyia sapu, nao wakapiga makofi.

Mimi sikupiga, na hasira ile haijanitoka mpaka leo. Haijanitoka kwa sababu maneno yale si ya mzee yule peke yake. Ni imani ya mji mzima. Utaisikia kwenye daladala la Gongo la Mboto, utaisikia kwenye mimbari, utaisikia kwa mwenye duka la spea anayetafuta kijana wa kumtuma. Na tangu Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, ituletee mkondo wa amali sekondari, imani hiyo imepata nguvu mpya. Kila mwenye kipaza sauti anaimba ujuzi, ujuzi, na anaposema ujuzi anamaanisha viganja, kana kwamba fundi alizaliwa bila kichwa.

Nendeni mtaa wa Gerezani. Kuna fundi ninayemfahamu pale, mchomeleaji. Ukipitisha kidole kwenye geti lake huwezi kujua alipounganisha. Alipata kazi kubwa ya mageti na ngazi za jengo la mtu. Wakakubaliana kwa mdomo. Kazi ikiwa katikati mwenye jengo akabadilisha vipimo, baada ya wiki akabadilisha tena, na fundi akawa anaongeza vyuma kwa fedha yake mwenyewe akiamini watamalizana. Siku ya malipo akaambiwa bei ni ile ile ya siku ya kwanza. Hakuwa na kotesheni. Hakuwa na karatasi inayoonyesha kwamba tarehe fulani vipimo vilibadilika na gharama ikapanda. Alichokuwa nacho ni meseji kwenye simu, na katika meseji hizo jibu lake yeye mwenyewe lilikuwa moja tu, "sawa bosi".

Sasa niambieni, mikono yake ilikuwa na kasoro gani? Aliangushwa na karatasi moja ambayo haikuandikwa. Na kuandika karatasi ile ndiyo Stadi za Mawasiliano: barua ya kikazi, ripoti, makubaliano, namna ya kumwambia mteja mwenye fedha "hapana" na kesho bado akawa mteja wako. Somo linalodharauliwa ukumbini kwa makofi ndilo lililokosekana Gerezani, na lilipokosekana mtu alikula hasara ya miezi.

Na hiyo ni hasara ya fedha. Ipo ya roho za watu. Jumamosi ya Novemba 16, 2024, ghorofa liliporomoka Kariakoo, kona ya Mchikichi na Congo, likaua zaidi ya watu 25. Kabla yake, Machi 29, 2013, lilianguka jengo la Mtaa wa Indira Gandhi, likaua watu 36. Mimi si mhandisi na hapa sihukumu kesi ya jengo lolote. Ninasema jambo ambalo kila aliyewahi kukanyaga saiti analijua: mtu wa kwanza kuuona ufa ni fundi, kwa sababu yeye ndiye anayeshinda chini ya nguzo. Je, anaweza kuandika kwenye daftari la saiti kwamba nguzo fulani ina ufa, ameuona tarehe fulani, na kazi isimame? Anajua kwamba kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003? Anaweza kusimama mbele ya tajiri anayetaka duka lifunguliwe kabla ya sikukuu, akaongea mpaka akasikilizwa? Hayo hayafundishwi na mashine ya kukata nondo. Kuna watu wamelala makaburini kwa sababu ya mambo yasiyosemwa kwa wakati, halafu mtu mzima anasimama ukumbini anasema mafundi wapunguziwe maneno.

Lakini ubaya mkubwa wa imani hii hauishii saiti. Umepanda mpaka chuo kikuu.

Mtoto wa dada yangu alimaliza stashahada ya umeme hapa hapa mjini, miaka mitatu, na GPA yake ikazidi ile 3.0 inayotakiwa kwa wanaoomba shahada kwa sifa linganishi. Akahangaika na AVN, ile namba ya uhakiki ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, kwenye steshenari ya Mnazi Mmoja yenye kompyuta inayojizima. Akapata nafasi kwenye chuo kikuu kimoja. Semista ya kwanza ikaanza: Stadi za Mawasiliano. Stadi za Maendeleo. Utangulizi wa Kompyuta. Akanipigia simu. "Shikamoo mjomba. Haya mambo mbona nimeshayasoma?"

Nikamwambia aje na madesa yote, ya kule na ya huku. Tukayatandaza mezani. Mchoro wa mawasiliano ulikuwa ule ule: mtumaji, ujumbe, njia, mpokeaji, mrejesho, na katikati neno "kelele" ndani ya kijiwingu. Kwenye desa la stashahada mshale wa mrejesho ulichorwa kimakosa, unatoka kwa mtumaji kwenda kwa mpokeaji. Kwenye desa la shahada mshale ule ule umekosewa vile vile. Yaani hata kosa lilihamishwa bila shida. Kilichokataliwa kuhamishwa ni ufaulu wa kijana. Alipokwenda ofisini kuuliza kama anaweza kusamehewa somo, akajibiwa neno moja la kumfukuza: "Kijana, hapa ni chuo kikuu."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye jambo langu lote. Krediti moja kwa hesabu ya NACTVET ni saa 10 za kujifunza, darasani na nje ya darasa. Krediti moja kwa hesabu ya TCU, tume ya vyuo vikuu, ni saa 10 za kujifunza. Kumi na kumi. Vyombo vyote viwili ni vya serikali moja, chini ya wizara moja. Tunawakamata wenye mizani iliyochezewa sokoni, tunapigana na lumbesa kila msimu, kwa sababu tumekubaliana kwamba kilo ya vitunguu iliyopimwa Kariakoo lazima iwe kilo hata ikifika Sinza. Basi kwa nini saa 10 za kijana zilizopimwa na chombo cha serikali zigeuke sifuri akivuka geti la chuo kikuu?

Chagueni moja. Ama somo hili ni muhimu, kiasi kwamba hamwezi kumpa mtu shahada bila kulifaulu. Kama ni hivyo, aliyelifaulu amelifaulu, mwandikieni. Ama halina maana, kama alivyosema mgeni rasmi. Kama ni hivyo, kwa nini mnamlazimisha kulisoma mara ya pili na kulilipia mara ya pili? Hakuna njia ya tatu. Somo haliwezi kuwa takataka likifundishwa kwenye chuo cha ufundi na kuwa nguzo ya usomi likifundishwa chuo kikuu, na mchoro ni ule ule wenye mshale uliogeuka.

Na anayelipa ni nani? Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imekuwa ikikopesha hata baadhi ya wanafunzi wa stashahada. Ni jambo jema. Lakini maana yake ni kwamba kijana anaweza kukopa ili asome Stadi za Maendeleo kwenye stashahada, akakopa tena ili asome Stadi za Maendeleo kwenye shahada, halafu siku akipata ajira akatwe asilimia 15 ya mshahara kulipia yote mawili. Ni fedha ya umma inayozunguka kununua kitu kimoja mara mbili. Mkaguzi akikuta wizara imenunua gari moja mara mbili tutaandika kurasa za mbele wiki nzima.

Nimesikia na utetezi. Mhadhiri mmoja aliniambia kwamba mwanafunzi akisamehewa masomo ya mwaka wa kwanza "atakosa uzoefu wa chuo kikuu". Uzoefu upi? Wa kugombea kiti na mamia ya wenzake kwenye ukumbi ambao spika haisikiki nyuma? Wa kusomewa desa neno kwa neno na mtu asiyejua jina lake? Kijana huyu amekaa miaka mitatu kwenye karakana, amefanya fildi, amepigwa shoti na umeme wa kweli. Kama kuna mtu anayehitaji kupewa uzoefu hapo, si yeye. Mwingine akasema ubora utashuka. Haya, ubora wa mshale uliokosewa nao utashuka mpaka wapi?

Wanaojivunia mlima wao, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakumbuke chuo kikuu hicho cha kwanza cha nchi hii kilizaliwa wapi. Mwaka 1961 kilianza na wanafunzi wachache wa sheria kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, ambapo ukitoka nje unasikia wauza nguo wa Kariakoo. Kikahamia mlimani 1964. Wakati huo taasisi ya ufundi ilikuwa tayari inafundisha tangu 1957, pale Barabara ya Morogoro inapokutana na Bibi Titi Mohamed, ile iliyokuja kuwa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, kwa sheria ya 1997. Ndugu wawili wa mtaa mmoja, na mkubwa ni wa ufundi.

Na wazee wetu hawakuwahi kuamini upuuzi huu wa mikono mitupu. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alikuwa anapigana na elimu inayomtenga msomi na mfanyakazi. Mwaka 1973 Kitivo cha Uhandisi kilipoanzishwa Mlimani, mwaka huo huo ikaanzishwa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo. Mhandisi na somo la kumwuliza "unamjengea nani, na kwa faida ya nani?" waliingia pamoja. Tazameni Soko la Kariakoo lenyewe, kazi ya Beda Amuli, lililofunguliwa 1975, na ile miavuli ya zege juu yake inayopokea maji ya mvua. Aliyechora paa lile alifikiria mvua ya Dar es Salaam, jua lake, na mama atakayekaa chini na tenga la nyanya. Mkono peke yake usingefika hapo.

Nakubali kwamba masomo haya tunayafundisha vibaya, na ningeweza kujaza gazeti zima kwa hilo. Tunayafundisha kwa Kiingereza cha kukariri kwa kijana ambaye kesho atajadiliana bei kwa Kiswahili, atasuluhisha ugomvi wa saiti kwa Kiswahili, ataitwa polisi kwa Kiswahili. Tunamfundisha ujasiriamali kwa mifano ya kampuni za Marekani wakati nje ya dirisha kuna Mtaa wa Aggrey, mafundi simu wamejipanga bega kwa bega. Na wapo vijana wanaonunua ripoti za fildi zilizokwisha kuandikwa, wanabadilisha jina na tarehe, na vyuo vinajua, vinanyamaza, vinakusanya ada ya joho. Hayo yarekebishwe. Lakini mtu haachi kula wali kwa sababu mpishi ameuunguza, anambadilisha mpishi.

Kuhusu kuhamisha krediti, wenzetu walishatoka kwenye ubishi huu. California walipitisha sheria mwaka 2010 ya kumwezesha mwanafunzi wa chuo cha jamii cha miaka miwili kuingia chuo kikuu cha jimbo na alichokisoma kikahesabiwa, amalizie kilichobaki. Lakini kwa nini niende mbali? Mei 20, 2017, wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikutana hapa hapa Dar es Salaam wakaitangaza jumuiya nzima kuwa eneo moja la elimu ya juu, ili mwanafunzi na sifa zake wavuke mipaka. Tumetia saini kwamba elimu isafiri kutoka Kampala hadi Bujumbura. Kutoka kona ya Bibi Titi hadi Mlimani ni kama kilomita 13, na kwa kawaida mwenye stashahada anaanza mwaka wa kwanza, somo la kwanza, ukurasa wa kwanza.

TCU na NACTVET hawahitaji kongamano, semina ya Bagamoyo wala posho za vikao. Wakae na mitaala miwili mezani, kama tulivyokaa mimi na mpwa wangu, waangalie mada kwa mada. Orodha ya masomo yanayolingana ichapishwe kabla dirisha la udahili halijafunguliwa, ili kijana aione siku anayojaza fomu. Na chuo kikuu kitakachokataa krediti za mtu kimwandikie barua, somo kwa somo, kikitaja mada ambayo hakuisoma. Kisipoweza kuitaja, kimpe krediti zake na ada yake kimrudishie.